Kosa Lina Jina la Mtu, Halina Jina la Kabila

Kipindi cha amani. Haya ni maneno yaliyosemwa redioni, yamechapwa kwa ajili ya jamaa zilizohama makwao, machifu, makapita na wazee wa baraza wa Piana-Mwanga na vijiji vya jirani. Mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua.



Leo tuanzie ufukoni Kalemie. Mnamjua mama anayekausha ndagala. Asubuhi anawatandaza mchangani, anawageuza, anawachagua. Akiona mmoja ameharibika, anamtoa na kumtupa. Wale wengine anawapima na kuwauza, na jioni watoto wanakula. Sasa, sisi tuna methali inayosema samaki mmoja akioza wote wameoza. Mama huyu angeifuata methali hiyo, angemwaga mzigo wote ziwani, na watoto wangelala njaa. Yeye anajua kazi yake: anamtafuta yule mmoja.

Nimeanza na samaki kwa sababu ya swali tulilopewa na mama mmoja aliyekimbia kutoka njia ya Nyunzu. Nyumba yake ilichomwa, na mume wake hakuonekana tena. Aliuliza hivi: «Aliyechoma nyumba yangu ninamjua kwa sura na kwa jina. Tulikuwa tunachota maji kwenye mto mmoja. Nikirudi nikamtaja, ndugu zake hawatawaua watoto wangu? Na nikinyamaza, watoto wangu wakikua hawatakwenda kuwaua ndugu zake?»

Wasikilizaji, swali hili ni zito, na hatutalijibu kwa mbio. Tutapita kwanza katika kesi 3 zilizotokea huku kwetu, katika Katanga ya zamani. Kesi hizo zinatufundisha namna ya kutafuta samaki mmoja bila kumwaga mzigo wote.

Kabla ya kesi, tufungue Katiba ya nchi yetu, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 17 kinasema kwamba kosa la jinai ni la mtu mwenyewe. Hakuna mtu anayeweza kufuatwa, kushikwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa jambo lililofanywa na mwingine. Sikilizeni vizuri. Baba hafungwi kwa kosa la mtoto. Mke hashikwi kwa sababu mume amekimbia. Kijiji hakichomwi kwa sababu kijana wake mmoja ameingia porini na silaha. Kabila halina kitanda gerezani. Anayelala gerezani ni mtu mwenye jina.

Maneno hayo ni mazuri kwenye karatasi. Tuone yalivyopigana na mambo ya dunia.

Kesi ya kwanza ni ya Kilwa. Siyo Kilwa ya pwani ya Tanzania, ni Kilwa ya teritwari ya Pweto, kando ya ziwa Moero. Mwezi wa Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi wenye silaha chache kiliingia katika mji ule. Jeshi la serikali lilikuja na likaurudisha mji mara moja. Kazi ya jeshi ingeishia pale. Lakini askari waliwageukia wenyeji kana kwamba mji mzima ulikuwa muasi. Watu zaidi ya 70 walikufa, wengine wakiuawa baada ya kushikwa, bila korti na bila swali. Nyumba ziliibiwa. Magari ya kampuni ya madini ya Anvil Mining yalibeba askari. Kampuni ilisema jeshi liliyachukua kwa nguvu.

Kesi ilifika mbele ya korti ya kijeshi mjini Lubumbashi. Mwezi wa Juni 2007 korti iliwaachilia washtakiwa wote kuhusu mauaji ya Kilwa, askari pamoja na wafanyakazi wa kampuni. Watu wengi wangesema: basi, imekwisha, tuchukue mapanga. Watu wa Kilwa hawakufanya hivyo. Wao na mashirika yaliyowasaidia waliipeleka kesi kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo makao yake yako Banjul, nchini Gambia. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu nchi yetu iliukubali Mkataba wa Afrika wa haki hizo tangu mwaka 1987, na Katiba yetu, kifungu cha 215, inasema mikataba ya namna hiyo iko juu ya sheria za kawaida.

Uamuzi ulitangazwa mwaka 2017. Tume ilisema serikali ya Kongo ilivunja haki ya watu wa Kilwa ya kuishi, haki yao ya kutoteswa, haki ya mali, na haki ya kusikilizwa na korti. Iliitaka serikali iwalipe waathirika 8 waliotajwa katika kesi, pamoja na jamaa zao, dola milioni 2 na nusu, na iwafuate kisheria waliohusika.

Nitawaambia ukweli: Tume ya Banjul haina polisi wa kuilazimisha serikali kulipa. Uamuzi siyo pesa mkononi. Lakini jambo moja liliandikwa na halifutiki: watu wa Kilwa hawakuwa waasi. Walikuwa raia waliouawa kwa kosa la wengine. Mtoto wa Kilwa aliyefiwa na baba anaweza kushika karatasi ile na kusema, baba yangu hakuwa mwizi wa nchi. Ninyi mliopotewa na watu wenu, mnajua neno hilo lina uzito gani.

Kesi ya pili inatufikia karibu zaidi. Wengi wenu mliwahi kusikia habari ya «pembe tatu ya kifo», yaani Manono, Mitwaba na Pweto. Kati ya mwaka 2003 na 2006 Mayi-Mayi wa Gédéon Kyungu Mutanga waliua, walichoma vijiji, na watu maelfu kwa maelfu walikimbia. Mwezi wa Mei 2006 Gédéon alijitoa Mitwaba mbele ya askari wa Umoja wa Mataifa. Alipelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi, na kesi ikasikilizwa Kipushi. Tarehe 5 Machi 2009 alihukumiwa kifo kwa jinai dhidi ya utu wa binadamu, pamoja na uasi na ugaidi.

Angalieni namna hukumu ile ilivyofanya kazi. Mkubwa wa vita anapenda kusema: «Mimi sikupiga mtu, ni vijana.» Au anasema: «Mimi ninawatetea watu wetu.» Korti ilimtoa nyuma ya vijana na nyuma ya «watu wetu», ikamweka mbele peke yake kwa jina lake. Na wanavijiji, watu wa kawaida kabisa wasio na cheo, walisimama mbele ya majaji wakaeleza waliyoyaona.

Lakini tusidanganyane. Mwezi wa Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, Lubumbashi, na Gédéon akatoroka pamoja na wafungwa wengi mno. Vita ikarudi kwa jina la Bakata Katanga, na vijiji vikahama tena. Mwaka 2016 alijitoa mara ya pili, akapokelewa kwa sherehe. Mwezi wa Machi 2020 akatoroka tena kutoka nyumba alimokuwa akilindwa.

Mtaniuliza: basi hukumu ilisaidia nini? Ninajibu hivi. Daktari akipasua jipu, kisha mlinzi akaacha mlango wa hospitali wazi, kosa si la daktari. Hukumu ya Kipushi haikushindwa. Lililoshindwa ni gereza, na walioshindwa ni wakubwa waliompokea kwa ngoma mtu ambaye korti ilimhukumu. Somo kwa viongozi wetu ni hili: mkimpigia makofi mtu wa namna hiyo kwa sababu ni wa kwenu, mnawaambia waliofiwa kwamba wafu wao si kitu. Na waliofiwa watatafuta njia yao wenyewe.

Sasa kesi ya tatu, wasikilizaji, inaingia nyumbani mwetu kabisa.

Mnajua ugomvi wa Baluba na Batwa katika jimbo letu la Tanganyika. Hatutaanza leo kuhesabu nani alianza. Batwa wana malalamiko yao: kazi ya shamba inayolipwa kwa chumvi au kwa pombe, dharau, kukosa chifu anayetambuliwa, kukosa ardhi. Baluba wana malalamiko yao: mishale, mashamba kuachwa, watu kuuawa njiani. Mwaka 2016 hata kodi ya viwavi iliwasha moto upya. Mwaka 2017 waliohama katika jimbo letu walipita watu 500,000.

Tarehe 30 Aprili 2015, alfajiri, wanamgambo wa Kiluba walivamia kambi ya Vumilia 1 kule Nyunzu. Mle walikuwa wamelala Batwa waliokimbia vita. Batwa wasiopungua 30 waliuawa. Waliouawa walikuwa watu waliohama, kama ninyi. Walidhani kambi ni mahali pa usalama.

Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 ilikuwa imezipa korti za rufaa, yaani korti za kiraia, uwezo wa kuhukumu mauaji ya kimbari, jinai za kivita na jinai dhidi ya utu wa binadamu. Zamani makosa hayo yalikuwa kazi ya wanajeshi peke yao. Basi mambo ya Nyunzu yakapelekwa mbele ya korti ya rufaa ya Lubumbashi, na kesi ikaanza mwaka 2015. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi yetu majaji wa kiraia kusikiliza mashtaka ya mauaji ya kimbari.

Je, kwenye benchi la washtakiwa aliketi nani? Waliketi Baluba, na Batwa pia waliketi. Mwendesha mashtaka hakulileta kabila moja na kuliacha lingine. Alileta watu. Mwaka 2016 hukumu ilitoka: wengine walifungwa, wengine waliachiliwa. Waathirika wengi hawakuridhika, wa upande huu na wa upande ule, na Lubumbashi ni mbali sana kwa mtu wa Nyunzu asiye na nauli. Lakini fikirini maana yake. Muluba aliyeachiliwa alirudi nyumbani akiwa na neno la jaji. Muluba aliyefungwa alifungwa yeye, na ndugu yake mwenye duka sokoni hakufungwa pamoja naye. Mutwa vilevile. Hilo ndilo Kifungu cha 17 kikitembea kwa miguu.

Basi turudi kwetu Piana-Mwanga na tuseme yale mtu anayoweza kuyashika mkononi.

La kwanza ni kwa jamaa zote. Polisi au askari wakija kumtafuta kijana, wasipomkuta wakataka kumchukua mama yake, jueni kwamba Katiba inakataza. Na yeyote anayeshikwa, Kifungu cha 18 kinampa haki: aambiwe palepale sababu ya kushikwa, tena kwa lugha anayoielewa. Kama anaelewa Kiswahili au Kiluba, asisomewe Kifaransa. Anaruhusiwa kuwasiliana mara moja na jamaa au avoka wake. Polisi hawana ruhusa ya kumweka zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiliwe, au apelekwe mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Andikeni saa aliyoshikwa. Chifu akienda kuuliza akiwa na saa imeandikwa kwenye karatasi, anasikilizwa kuliko akienda na kelele.

La pili ni kwa machifu na makapita. Kifungu cha 207 cha Katiba kinaitambua mamlaka ya jadi, na kinaipa kazi: kuendeleza umoja na kushikamana kwa taifa. Chifu anapatanisha ugomvi wa mipaka ya shamba, wa mahari, wa mbuzi walioingia bustanini. Lakini mauaji hayamalizwi chini ya mwembe. Ubakaji haumalizwi kwa mbuzi wawili na kitenge. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inasema faini haiwezi kuizima kesi ya namna hiyo. Chifu anayepokea mbuzi wale anaficha kosa, hapatanishi. Mpeleke mama au binti hospitalini kwanza, halafu kwa mwendesha mashtaka.

Tena, chifu asiruhusu orodha za kabila. Kijana akija na kusema «Batwa wameiba» au «Baluba wamechoma», muulize: nani? Jina lake? Nani alimwona? Saa ngapi? Swali hilo dogo limezuia damu mara nyingi kuliko bunduki. Wazee wa mabaraza yaliyowekwa baada ya mkutano wa amani wa Kalemie wa Februari 2017 wanajua ninachokisema.

La tatu ni habari ya ardhi. Mtu aliyehama hakutupa shamba lake. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu au ya jamii, iwe ilipatikana kwa sheria au kwa desturi. Aliyelima katika shamba la jirani aliyekimbia, alilima kwa kuazima. Na kwa Batwa, sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inazitambua desturi zao, ardhi zao, na haki yao ya kufika mbele ya korti kama raia wengine. Chifu wa Kibantu anayemwambia Mutwa «wewe huna ardhi hapa» anapingana na sheria ya nchi yake.

La nne ni ushahidi. Waliopoteza watu na mali, andikeni. Kama hujui kuandika, mwombe mwalimu au mtoto wa shule. Andika siku, mahali, uliyoyaona kwa macho yako. Uliyoyasikia kwa wengine yaandike pembeni, usiyachanganye. Karatasi hiyo itunze, usiizungushe kambini. Tena iko sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliyoweka mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika, unaoitwa FONAREV. Mwenye kumbukumbu zake tayari ana mahali pa kuanzia.

Na sasa mama yetu wa njia ya Nyunzu. Mama, hatukusahau.

Uliuliza kama ukimtaja mtu yule, ndugu zake watawaua watoto wako. Hatuwezi kukuahidi kwamba hakuna hatari. Aliye salama mbele ya kipaza sauti asimtume mwingine motoni. Kwa hiyo usilitaje jina lile njiani, wala kisimani, wala kwenye kilio. Litunze mpaka utakapolisema mahali linapostahili, mbele ya mwendesha mashtaka au jaji. Wakati mwingine majaji hutoka mjini na kufanya kesi vijijini. Wakija karibu, hiyo ni nafasi. Uombe usikilizwe milango ikiwa imefungwa. Kifungu cha 20 kinasema kesi husikilizwa mbele ya watu, lakini kinampa jaji ruhusa ya kufunga milango pale utulivu wa umma au maadili mema yakiwa hatarini. Usiende peke yako. Nenda na avoka, au na mtu wa shirika unalolijua.

Uliuliza tena: ukinyamaza, watoto hawatakwenda kulipa kisasi? Mama, jibu la swali hilo liko kwako kuliko kwa jaji. Jioni watoto wanapouliza baba yuko wapi, utawaambia nini? Ukisema «Waliomuua ni kabila fulani», umewapa adui maelfu, na hawatapata usingizi maisha yao yote. Ukisema «Aliyemuua ni mtu mmoja, ninamjua, na siku moja atajibu», umewaambia ukweli. Na umewaachia uhuru wa kucheza na mtoto wa jirani ambaye hakuua mtu.

Hata methali yetu tunaweza kuisahihisha. Samaki mmoja akioza, mtoeni. Wengine ni chakula.

Ninawaomba neno moja juma hili. Kila chifu, kila mzee, kila mama mwenye kikundi cha likilimba au cha kanisa, awaulize watu wake swali hili: katika kijiji chetu, nani anabeba leo adhabu ya kosa la mwingine? Huenda ni mke wa mtu aliyekimbia. Huenda ni jamaa ya Batwa iliyokatazwa kisima. Huenda ni kijana wa Kiluba anayeogopa kupita barabarani. Mkimpata, mpunguzieni mzigo huo ninyi wenyewe. Hapo hamuhitaji kumngoja jaji kutoka mjini.

Mbaki na amani, wapenzi wasikilizaji. Piana-Mwanga, tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.